Sura ya Saba: Mbona Mtoto Huyu Halali?

Wazazi wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo wakifika kliniki huwa na maswali waliyoyapanga. Atatembea? Ataongea? Shule itampokea? Swali la usingizi huja mwishoni, mama akiwa ameshamfunga mtoto mgongoni na anaelekea mlangoni: mbona huyu halali usiku? Jibu nalo huwa fupi. Ubongo wake una shida, mama, watoto hawa ndivyo walivyo. Mama anaondoka na jibu lisilomwambia afanye nini, na usiku uleule anakesha tena.

Sura hii inalikataa jibu hilo. Ubongo ulioathirika hufanya usingizi uwe mwepesi kuvurugika, hilo ni kweli. Lakini kinachomwamsha mtoto usiku hadi usiku mara nyingi ni kitu kingine chenye jina lake: nyonga inayouma, njia ya hewa inayoziba, kifafa ambacho hakijatulia, dawa inayotolewa saa isiyofaa, au mchana mzima aliofichwa ndani ambako jua halimfikii. Kila kimoja kina namna yake ya kutafutwa, na vingi vina tiba au nafuu ambayo familia ya Ushirombo, wilayani Bukombe mkoani Geita, inaweza kuipata kabla hata ya kufikiria nauli ya Mwanza.

Tuelewane kwanza kuhusu majina. Mtindio wa ubongo ni hali ya misuli kukakamaa, kulegea au kujinyonganyonga kwa sababu ubongo uliumia mtoto akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au katika miaka yake ya mwanzo. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo kupata mara kwa mara mshtuko wa umeme wake wenyewe, ukaleta mtikisiko, kuanguka au kuduwaa. Usonji ni tofauti ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano, mahusiano na namna mtoto anavyopokea sauti, mwanga na mguso. Kichwa kikubwa ni maji yaliyojikusanya ndani ya ubongo, na mara nyingi humpata mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi. Mtoto mmoja anaweza kuwa na mawili au matatu kati ya haya.

Nchi iliyowahi kuujua usingizi uliopinduka

Ukanda huu una historia inayotusaidia kulielewa jambo hili. Malale, ugonjwa wa kijidudu kinachoenezwa na mbung'o, uliwatesa watu wa magharibi mwa Tanganyika kiasi kwamba katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza iliwahamisha wananchi kutoka maporini na kuwakusanya katika makazi ya pamoja. Tinde, mkoani Shinyanga, ikawekwa maabara ya kuuchunguza. Wengi hudhani mgonjwa wa malale hulala kupita kiasi. Waliokuja kumpima saa kwa saa waliona jambo jingine: ukijumlisha mchana na usiku, mgonjwa hulala karibu sawa na mtu mwenye afya, ila saa zake zimepinduka na kukatikakatika. Adhuhuri anasinzia sahani ikiwa mbele yake, na saa nane usiku yuko macho, anazunguka uani.

Kijidudu kile hakiharibu tu ubongo kwa jumla. Huvuruga saa ya mwili, yaani kiini kidogo kilicho chini ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana, ambacho huuambia mwili sasa ni mchana, sasa ni usiku. Na mgonjwa akitibiwa ipasavyo, usingizi wake hurudi kwenye mstari. Hapo pana mambo mawili ya kushika. Usingizi ni kazi ya ubongo, kwa hiyo ugonjwa wa ubongo unaweza kuupindua. Na usingizi uliopinduka unaweza kupinduliwa tena ukanyooka, mradi mtu aulize nini kimeupindua.

Leo wagonjwa wa malale ni wachache sana nchini. Watoto wanaokesha Bukombe na Mbogwe wamefika hapo kwa njia nyingine: uchungu uliochukua muda mrefu na mtoto akachelewa kulia, manjano ya kichanga iliyoachwa ikapanda, homa ya uti wa mgongo, na malaria iliyopanda kichwani. Katika utafiti wa kitaifa wa 2015–16, watoto 14 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini walikutwa na malaria. Mkoani Geita walikuwa 38. Kiwango cha taifa kimeshuka sana tangu hapo, lakini waliougua wakati ule ndio wanafunzi wa shule za msingi na sekondari wa sasa. Uchunguzi uliofanywa Uganda na Kilifi, Kenya, ulionyesha kwamba karibu mtoto mmoja kati ya wanne waliopona malaria ya ubongo hubaki na udhaifu katika kufikiri, kukumbuka au kusema, na baadhi huja kupata kifafa miezi au miaka baadaye.

Hesabu inayolikataa jibu jepesi

Mwaka 2006 watafiti wa Ireland walichapisha matokeo ya maswali waliyowauliza wazazi wa watoto 173 wenye mtindio wa ubongo, wa umri wa miaka 6 hadi 11. Watoto 23 katika kila 100 walikuwa na usingizi uliovurugika kwa kiwango cha ugonjwa. Katika watoto wasio na tatizo hilo wangetarajiwa kama 5. Msomaji wa haraka ataona hapo ushahidi kwamba mtindio ndio unaowanyima watoto usingizi. Aisome hesabu hiyo upande wake wa pili. Watoto 77 katika kila 100, wote wenye mtindio, hawakufikia kiwango hicho. Kama ubongo ulioumia ungetosha peke yake kuufukuza usingizi, wangekesha wote.

Nini basi kiliwatenga wale 23? Waliokuwa na kifafa ambacho bado kinawaamsha walikuwa hatarini zaidi. Wasioona vizuri pia. Wale ambao mwili mzima umekakamaa walikuwa na shida kuliko wale walioathirika upande mmoja. Kifafa kina dawa. Mwili uliokakamaa una mazoezi, mikao na tiba ya maumivu. Asiyeona ana ratiba na nyakati zinazoweza kupangwa. Kila kilichowatofautisha watoto hawa kinatupa mahali pa kushika.

Mtu anaweza kupinga: hiyo ni Ireland, yenye madaktari na viti vya magurudumu; huku kwetu wanaokesha ni wengi zaidi. Huenda ni kweli. Lakini ikiwa watoto wa Ushirombo wanalala vibaya kuliko wa Dublin wenye ugonjwa uleule, tofauti hiyo haiwezi kuwa imetoka kwenye mtindio. Imetoka kwenye kifafa kisichotibiwa, nyonga isiyoangaliwa na mtoto anayelala chali tangu jioni hadi asubuhi. Pingamizi hilo linaisaidia hoja.

Lipo jambo la kukubali, tena bila kuzungukazunguka. Hali chache za kuzaliwa nazo hugusa saa ya mwili moja kwa moja. Katika ugonjwa wa nadra uitwao Smith-Magenis, homoni inayouandaa mwili kulala hutoka mchana. Watoto wenye ugonjwa wa Angelman hulala kidogo kuliko wenzao, na katika usonji zaidi ya nusu ya watoto hupata taabu ya usingizi, sehemu yake ikitokana na namna ubongo wenyewe ulivyojengeka. Hata hao, hata hivyo, huumwa masikio, huota meno na huziba pua kama watoto wengine. Hali ya kuzaliwa nayo haiwakingi na sababu za kawaida.

Kwa kifupi hadi hapa: ubongo ulioathirika huulegeza usingizi, lakini watoto wengi wenye ubongo huo hulala. Anayekesha ana sababu ya kutafutwa.

Mwili unaouma haulali

Mtazame mtoto wa miaka sita mwenye mtindio mkali akiwa amelazwa chali kwenye godoro la sponji lililobonyea katikati. Kichwa kimegeukia upande mmoja na mkono wa upande huo umenyooka. Magoti yamekunjwa, yakaangukia kushoto pamoja, na nyonga ya kulia inavutwa nje ya mahali pake kila dakika inayopita. Mtoto mwingine wa umri wake hugeuka usiku mara nyingi bila kujua. Huyu hawezi. Baada ya saa mbili anaamka kwa sababu ileile ambayo ingemwamsha mtu yeyote aliyefungwa kamba katika mkao mmoja. Anachoweza kufanya ni kulia, na kwa kuwa hasemi, kilio hicho kinapewa maana na wengine: njaa, ukaidi, au kitu cha usiku.

Dawa ya kwanza hapa ni mikono ya mlezi. Mlaze kwa ubavu, kanga iliyokunjwa ikae kati ya magoti yasibanane, nyingine iviringishwe nyuma ya mgongo asirudi chali, mikono yote miwili iwe mbele anapoweza kuiona. Mgeuze upande wa pili mlezi anapoamka. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa hospitali ya wilaya au ya mkoa anaweza kuonyesha mkao unaomfaa mtoto husika, kwa sababu hakuna wawili wanaofanana. Kichanga wa chini ya mwaka mmoja yuko nje ya maelezo haya: yeye hulazwa chali, pasipo mto wala nguo za kumziba, isipokuwa mhudumu ameelekeza vingine.

Maumivu yana maficho mengi zaidi ya nyonga. Choo kigumu ni kimojawapo, maana mtoto asiyetembea na anayekunywa maji kidogo anaweza kukaa siku tano bila kupata haja kubwa. Jino lililooza ni lingine, kwa kuwa mdomo unaokakamaa ni mgumu kupigwa mswaki. Chakula hurudi kooni kwa wengi wao, kikiwa na tindikali inayochoma. Anayelala bapa dakika kumi baada ya uji ndiye atakayeamka anakohoa na kujipinda mgongo kama upinde. Kumlisha mapema, kumkalisha wima kama nusu saa, na kuinua miguu ya kitanda ya upande wa kichwani kwa tofali moja moja ni mambo yasiyo na gharama. Ongeza upele, minyoo inayowasha njia ya haja usiku, na chandarua kilichotoboka. Haya hayaandikwi katika vitabu vya magonjwa ya ubongo, ndiyo sababu hayaulizwi.

Pumzi inayokatika

Mtoto anayekoroma huchekwa, au husifiwa kwamba amezama usingizini. Kukoroma kila usiku, mdomo wazi, shingo imerudishwa nyuma, kisha kimya cha sekunde kadhaa na mkoromo wa kushtuka, ni dalili kwamba njia ya hewa inaziba na ubongo unalazimika kuamka ili mtoto apumue. Anaweza kuamka hivyo mara nyingi sana kwa usiku mmoja bila kufumbua macho. Asubuhi amechoka, ana hasira, na walimu wanasema hasikii.

Watoto wenye ugonjwa wa Down wako hatarini zaidi, kwa sababu njia yao ya hewa ni nyembamba, ulimi ni mkubwa kwa nafasi uliyo nayo, na misuli imelegea. Tatizo ni la kawaida kiasi kwamba mwaka 2011 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri kila mtoto mwenye Down apimwe usingizi wake kabla ya kutimiza miaka minne, akoromapo au asipokoroma. Kipimo hicho ni kigumu kupatikana kwetu, lakini tochi na kijiko vya kutazama mafindofindo vipo hata zahanati, na mafindofindo makubwa huondolewa kwa upasuaji wa kawaida. Mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi akianza kukoroma, kupumua kwa sauti ya kukwaruza au kukabwa usiku, asisubiri kliniki ya mwezi ujao, maana sehemu ya chini ya ubongo inaweza kuwa inabanwa shingoni.

Kifafa kinachojificha usiku

Kifafa na usingizi vinachocheana. Kukosa usingizi huleta kifafa, na kifafa huvunja usingizi, hata kile ambacho hakuna aliyekiona. Kuna aina za kifafa za utotoni zinazotokea karibu usiku tu, mtoto akianza kusinzia au akikaribia kuamka. Mama hukuta shuka limelowa, ulimi una jeraha, au mdomo umepinda upande mmoja na mate yanatiririka, naye mchana kutwa ni mzima.

Mahenge, mkoani Morogoro, inatufundisha jinsi jicho linavyoweza kudanganyika. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa huko mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliwakuta watoto ambao vichwa vyao vilikuwa vikidondoka mbele na kuinuka, tena na tena. Wenyeji walisema amesinzia kichwa. Miongo kadhaa baadaye ugonjwa wa namna hiyo ulipoonekana kwa wingi kaskazini mwa Uganda, vipimo vya umeme wa ubongo vilithibitisha kwamba kule kudondoka kwa kichwa ni kifafa chenyewe. Ilionekana kama kusinzia.

Kosa la kinyume nalo lipo: kuita kifafa jambo lisilo kifafa. Mtoto anayeketi ghafla kitandani, akapiga kelele macho yakiwa wazi, asimtambue mama yake, kisha akalala tena na asubuhi asikumbuke chochote, huenda ana hofu ya usingizini ambayo watoto wengi hupitia na kuiacha. Hofu hiyo kwa kawaida huja mara moja kwa usiku, saa mbili tatu za mwanzo, ikachukua dakika kadhaa, kila siku na vituko vyake. Kifafa cha usiku ni kifupi, kinafanana kila kinapotokea, na kinaweza kujirudia mara nyingi hadi alfajiri. Anayeweza kutofautisha ni yule aliyemwona, na siku hizi simu huona vizuri kuliko maelezo. Dakika moja ya video iliyopigwa chumbani Ushirombo, taa ikiwa imewashwa na nguo zimefunuliwa hadi miguuni, humwambia daktari wa hospitali ya Bugando, Mwanza, mambo ambayo nusu saa ya maswali isingeyatoa.

Dawa ya kifafa nayo iulizwe. Fenobabitoni, ambayo ndiyo rahisi kupatikana katika vituo vyetu, huwasinzisha baadhi ya watoto na huwatia wengine utundu na hasira hadi nyumba nzima ikachoka. Hukaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo wengi hutosheka na dozi moja ya jioni. Anayepewa asubuhi akalala mchana kutwa, halafu usiku akawa macho, huenda anahitaji saa ya dawa ibadilishwe au dawa yenyewe ibadilishwe. Aamue daktari. Kuikatisha ghafla nyumbani huleta kifafa kisichosimama.

Jua la bure

Saa ya mwili hurekebishwa kila siku na mwanga, hasa wa asubuhi. Mwanga huingia machoni, hufika kwenye kile kiini kidogo, nacho huzuia homoni iitwayo melatonini, ambayo hutolewa giza likiingia ili kuuandaa mwili kulala. Ushirombo iko kama digrii tatu na nusu tu kusini mwa Ikweta. Mchana mrefu kabisa wa mwaka hauzidi mfupi kwa nusu saa. Watoto wa Ulaya ya kaskazini hupitia miezi ambayo jua linaonekana saa chache tu. Mtoto wa Bukombe ana jua kali mwaka mzima, isipokuwa amefichwa.

Na wengi wamefichwa. Mtoto mwenye ulemavu hubaki chumba cha nyuma, dirisha dogo limezibwa na pazia, kwa aibu ya familia au kwa kuogopa macho ya watu, au kwa sababu tu mama yuko shambani na hakuna wa kumtoa. Kwa saa yake ya mwili, asubuhi, adhuhuri na jioni ni giza moja. Analala vipande vipande mchana, usiku hana kilichobaki. Kisha usiku wenyewe si usiku: katika maeneo ya machimbo karasha za kusaga mawe hunguruma hadi usiku mkubwa, malori yaendayo Rwanda na Burundi hupita barabara kuu, na baa ya jirani haijazima muziki. Mtoto mwenye usonji, ambaye sauti humuuma kuliko inavyotuuma sisi, husikia vyote hivyo.

Mtoe nje kuanzia saa moja asubuhi, kila siku, hata kama hawezi kukaa. Mkeka chini ya mwembe unatosha. Hata mtoto anayesemekana haoni atolewe, kwa sababu upofu unaotokana na sehemu ya nyuma ya ubongo huenda umeacha njia ya mwanga kwenda kwenye saa ya mwili ikiwa salama. Usingizi wa mchana uwe mmoja na usivuke saa tisa alasiri kwa aliyetimiza miaka mitatu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linataka mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili alale saa 11 hadi 14 kwa siku nzima, na wa miaka mitatu hadi minne saa 10 hadi 13, usingizi wa mchana ukiwemo. Anayelala saa nne mchana hana deni kubwa la kulipa usiku.

Zebaki na poda ya meno

Katika nchi ya dhahabu kuna sababu moja isiyotajwa sana. Nusu ya kwanza ya karne iliyopita, watoto wengi wa Uingereza, Marekani na Australia walipata ugonjwa wa ajabu: mikono na miguu myekundu inayouma, jasho, kuogopa mwanga, kunung'unika bila kukoma na kukosa usingizi kabisa. Madaktari waliulaumu ulishaji, wakavilaumu virusi, wakawalaumu akina mama. Katika miaka ya 1940 huko Marekani zebaki ilipatikana katika mkojo wa watoto hao, na chanzo kikaonekana kuwa poda ya kupaka fizi wakati wa kuota meno. Poda hizo zilipoondolewa madukani katika miaka ya 1950, ugonjwa ule ukatoweka karibu kabisa. Watoto walioitwa wasumbufu kwa miongo kadhaa walikuwa wamelishwa sumu kwa nia njema.

Zebaki hiyohiyo ndiyo inayokamatisha dhahabu kwenye mialo ya Geita, Mbogwe na Kahama, na ikichomwa moshi wake haubagui aliye mgongoni kwa mama yake. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kuidhibiti mwaka 2020. Mkataba huo umepewa jina la mji wa Japani ambako ugonjwa uliotambuliwa mwaka 1956 ulikuja kujulikana kuwa ni zebaki ya kiwandani iliyowaharibu watu ubongo, wakiwemo watoto waliozaliwa na hali inayofanana na mtindio. Simaanishi kwamba kila mtoto anayekesha Ushirombo ana sumu hiyo. Namaanisha swali moja liongezwe kliniki: je, nyumbani kwenu mnachoma kamata, yaani dhahabu iliyoshikana na zebaki? Kama jibu ni ndiyo, ichomwe mbali na nyumba, pasipo watoto wala wajawazito, na nguo za mwaloni zisiingie chumba anacholala mtoto.

"Si apewe tu dawa ya usingizi?"

Pingamizi hili ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa linatoka kwa watu waliochoka. Duka la dawa lina Piriton, nayo humlaza mtoto. Kuna ubaya gani? Piriton ni dawa ya mzio. Usingizi ni athari yake ya pembeni, hupungua nguvu baada ya siku chache, na baadhi ya watoto huwachangamsha badala ya kuwalaza. Huukausha utando na kuyafanya makohozi yawe mazito kwa mtoto ambaye tayari anashindwa kuyatoa, na dawa za kundi hilo zinaweza kukiamsha kifafa. Valium ni hatari zaidi: hupunguza pumzi na kuongeza mate kwa mtoto anayekabwa. Na zote mbili hunyamazisha kilio bila kukigusa kinacholiza.

Melatonini yenyewe imepimwa vizuri. Uingereza, mwaka 2012, yalichapishwa matokeo ya watoto 146 wa miaka 3 hadi 15 wenye matatizo ya ukuaji wa ubongo. Kabla ya kupewa chochote, wazazi walipewa kwanza maelekezo ya ratiba na mazingira ya kulala kwa wiki nne hadi sita. Dawa ilijaribiwa kwa waliobaki na shida baada ya hapo. Waliomeza melatonini waliwahi kusinzia kwa zaidi ya nusu saa, lakini usingizi wao wote uliongezeka kwa dakika 22 tu, kwa sababu waliwahi pia kuamka. Inafaa kwa baadhi, daktari akishauri. Dakika 22 hazitibu nyonga.

Wapo watakaosema ni dege la usiku, au mtoto katupiwa kitu. Sina haja ya kugombana na imani ya mtu. Familia inayokwenda kwa mganga au kwenye maombi inaweza kufanya hivyo na bado ikaendelea na fenobabitoni jioni ileile; kinachoua ni kuachishwa dawa kwa sharti la tiba nyingine.

Na wapo waliosoma vitabu vya kigeni, wanaodai mtoto akesha kwa sababu analala na mama, ahamishiwe chumba chake. Nyumba nyingi hazina chumba hicho. Ni kweli ule utafiti wa Ireland ulikuta watoto wanaolala na wazazi wakiwa na shida zaidi, ila mtoto asiyelala ndiye anayeletwa kitandani kwa mama. Huwezi kujua kipi kilitangulia. Mwenye kifafa cha usiku ni heri awe pale anapoweza kusikika. Ushauri unaobaki kuwa na maana popote ni mpangilio: kuoga, kula, dawa, taa kupunguzwa, simu na runinga kuzimwa, kulazwa, kwa mfuatano uleule na saa ileile.

Kabla ya kwenda kliniki, tumia daftari la mtoto wa shule kwa wiki mbili. Andika:

- saa aliyolala, alizoamka na alizolala mchana;
- alichokula mwisho na saa ya dawa;
- siku aliyopata choo;
- alilala mkao gani, na alikuwa vipi alipoamka: alilia, alikakamaa, alikabwa, alicheka.

Usisubiri daftari ikiwa mtikisiko umezidi dakika tano, pumzi inasimama au midomo inabadilika rangi, haamshiki, ana homa na shingo ngumu, au mtoto aliyewekewa mrija wa kutoa maji kichwani ameanza kusinzia kusiko kwa kawaida na kutapika. Hao huenda hospitali usiku huohuo, na kama hospitali ya wilaya haiwezi, wapelekwe Geita, Chato au Bugando.

Watabaki watoto ambao kila kitu kimetafutwa, kilichopatikana kimetibiwa, na bado saa tisa usiku wako macho. Kwa hao kazi inahamia kwa wakubwa. Nyumba zetu nyingi humwachia mama usiku wote kwa miaka, huku baba, shangazi na bibi wakilala chini ya paa lilelile. Tangu jioni hadi saa saba usiku mmoja akeshe, wa pili apokee hadi alfajiri, na siku mbili kwa wiki mama asiguswe kabisa. Anayepokea aonyeshwe jinsi ya kumgeuza, kipimo cha dawa na kanga zinakowekwa.